Babu wa Udongo: Sanamu ya Mfinyanzi Inamrudishaje Mtu Kwenye Asili Yake?

Neno "sanamu" linatutatiza. Kwa Kiswahili, kisanamu cha mpingo dukani ni sanamu, yule askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam ni sanamu, na kile ambacho Biblia na Kurani zinakataza kisiabudiwe nacho ni sanamu. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba wenyeji asilia wa Marekani "wanarudi kwa mababu kwa kufinyanga sanamu", akili inakimbilia kwenye tambiko. Mwingine anadhani ni ujanja wa kuwauzia watalii. Wa tatu anauliza kama kipimo cha vinasaba kisingemaliza kazi hiyo haraka zaidi, bila kujipaka tope.

Ili tuelewane, tuchukue mfano wa Wapueblo wa jimbo la New Mexico, ambao kwao kila hatua inaonekana, toka udongo unapochimbwa hadi sanamu inapotoka motoni. Mwishoni tutawatazama Wamaori wa New Zealand. Kisa chao ni kigumu zaidi, maana wamewarudia mababu kwa kazi ambayo mababu wenyewe walikuwa wameshaiacha.

Maneno kwanza

Wenyeji asilia ni wazawa wa jamii zilizoishi mahali kabla ya wageni kuja kuitwaa nchi, na ambazo hadi leo zinajihesabu kuwa jamii zenye viongozi, desturi na ardhi yao. Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko la haki zao tarehe 13 Septemba 2007. Vitabu vyetu vya zamani viliwaita wale wa Marekani "Wahindi Wekundu". Hilo ni kosa la Columbus, aliyedhani amefika upande wa Bara Hindi, na likaletwa mpaka madarasani kwetu bila kusahihishwa.

"Pueblo" ni neno la Kihispania lenye maana ya kijiji. Wahispania waliwakuta watu hawa wakiishi pamoja katika nyumba za udongo zilizopandana ghorofa, wakawaita kwa makazi yao. Leo New Mexico ina pueblo 19, na kila moja ina serikali yake. Wala si kabila moja lenye lugha moja: Santa Clara na San Ildefonso wanazungumza Kitewa, Cochiti na Acoma wanazungumza Kikeres, na lugha hizo mbili hazisikilizani hata kidogo.

Sasa neno zito: asili. Nasaba ni orodha ya waliokuzaa. Asili ni nasaba pamoja na watu wanaokutambua. Mfikirie kijana aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam au Nairobi, ambaye jina la ukoo liko kwenye cheti chake lakini akienda kijijini sikukuu hajui amwamkie nani vipi, shangazi ni yupi kati ya wale akina mama watano, wala kaburi la babu liko upande gani wa mgomba. Nasaba anayo kamili. Kilicholegea ni uhusiano, na uhusiano haurudishwi kwa karatasi. Unarudi kwa kukaa jikoni na watu na kupewa kazi ya kufanya.

Ufinyanzi ni kazi ya namna hiyo. Udongo mfinyanzi ni ule wenye chembe ndogo mno unaonata ukilowa na kushika umbo unalopewa. Ukiuanika unakauka, ukiulowanisha unarudi kuwa tope. Ukiuchoma hadi kupita nyuzi 600 hivi za Selsiasi, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe yanatoka na udongo unageuka kigae. Kuanzia hapo haurudi tena kuwa tope, kama vile chapati isivyorudi kuwa unga.

Kilichokatika, na ambacho hakikukatika

Wapueblo walikuwa wakifinyanga vyungu na visanamu karne nyingi kabla ya mgeni yeyote. Walowezi wa Kihispania walikuja mwaka 1598. Mapadre wao walipiga vita dini ya wenyeji, na katika miaka ya 1660 waliteketeza vinyago vya ibada. Agosti 1680 pueblo zilizotawanyika ziliungana chini ya Po'pay, mtu wa Ohkay Owingeh, zikawafukuza Wahispania kwa miaka 12. Waliporudi, mambo ya ndani ya dini yalikuwa yameshafichwa, na yangali yamefichwa. Kumbuka hilo, tutalihitaji mbele.

Pigo la pili lilikuja na reli, mwaka 1880. Reli ilileta vyombo vya bati na chuma, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo: sufuria ilipoingia jikoni, chungu kikatoka. Lakini treni hiyohiyo ilileta watalii. Wafinyanzi wa Cochiti wakaanza kutengeneza sanamu za wageni waliowaona: padri na joho lake, mwimbaji wa opera amepanua kinywa, watu wa sarakasi. Wahispania waliziita "monos", neno ambalo kwao ni nyani na pia ni kikaragosi. Kwa miaka mingi wasomi walizidharau kuwa takataka za watalii. Mimi naziona ni dhihaka ya hali ya juu: mgeni alilipa fedha yake, akabeba nyumbani kichekesho chake mwenyewe.

Pigo la tatu lilikuwa shule za bweni. Ile ya Carlisle, Pennsylvania, ilifunguliwa mwaka 1879, na watoto wa makabila mengi, Wapueblo wakiwamo, walipelekwa huko mbali na kwao, wakanyolewa nywele na kukatazwa lugha zao. Aliyewahi kuvikwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea kilugha anaijua harufu ya jambo hili, ingawa yeye jioni alirudi kwa mama yake.

Hata hivyo kamba haikukatika yote. Daima palikuwa na bibi mmoja au wawili waliojua udongo unachimbwa wapi. Tofauti hii ni ya msingi: kwa Wapueblo kamba ilipungua nyuzi, haikukatika.

Babu mwenye wajukuu watano

Helen Cordero wa Cochiti, aliyezaliwa mwaka 1915, alianza ufinyanzi akiwa mtu mzima, kwa kufundishwa na ndugu wa ukoo, Juanita Arquero. Vyungu vilimshinda; vilitoka vimepinda. Arquero akamshauri ajaribu sanamu. Mkusanyaji wa sanaa aitwaye Alexander Girard aliziona, akazinunua, kisha akamwomba kubwa zaidi yenye watoto. Cochiti tayari walikuwa na umbo la kale la mama anayeimba huku amempakata mtoto. Cordero akamfikiria babu yake, Santiago Quintana, aliyekuwa msimuliaji hodari, na mwaka 1964 akafinyanga mzee aliyeketi, kafumba macho, kafungua kinywa, na watoto watano wamempanda mwilini. Umbo hilo likaitwa Msimuliaji. Katika miaka iliyofuata wafinyanzi wengi wa pueblo mbalimbali walilichukua, kila mmoja kwa namna yake, wengine wakamfanya msimuliaji dubu au bundi.

Zingatia tarehe: 1964. Watu wengi wanaouza Msimuliaji mtandaoni huandika "sanamu ya kale". Si ya kale. Udongo ni wa kale, namna ya kuujenga ni ya kale, mama anayeimba alikuwapo kabla, na babu alikuwa mtu kweli. Umbo ni jipya, na upya huo haukupunguza chochote. Cordero hakunakili kitu cha makumbusho. Alimkumbuka mtu aliyemjua, kwa mikono iliyofundishwa na ndugu yake. Nadhani hapo ndipo jibu la swali letu lilipo, na kazi yenyewe inaonyesha kwa nini.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Huanza na shimo. Familia zina mahali pao pa kuchimba, na mahali hapo hapatangazwi. Kabla ya jembe kugusa ardhi, mchimbaji hunyunyiza unga wa mahindi kidogo, husema na Mama Udongo, kisha huchukua kiasi cha kazi aliyo nayo. Mtu aliyelelewa mbali hawezi kulijua shimo hilo kwa kusoma. Lazima amuulize shangazi, na shangazi atamuuliza kwanza yeye ni mtoto wa nani. Udongo wa dukani, ulioletwa kwenye mfuko wa plastiki, haumuulizi mtu swali hilo.

Udongo mkavu hupondwa na kulowekwa siku kadhaa, kisha huchekechwa kuondoa mizizi na mawe. Usizembee hapa. Punje ya chokaa yenye ukubwa wa mchele ikibaki ndani, moto utaigeuza chokaa hai, na wiki kadhaa baada ya kuchomwa itafyonza unyevu wa hewa, itavimba na kurusha kibanzi cha ukuta. Sanamu iliyokuwa salama motoni inatobokea kabatini.

Udongo mtupu una mnato kupita kiasi na ukikauka hupasuka, hivyo huchanganywa na chenga za kuukata makali. Wa Santa Clara na San Ildefonso hutumia jivu la volkano lililosagika lenyewe. Wa Acoma husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika. Maana yake chungu cha bibi kilichovunjika kinaingia kwenye ukuta wa chungu cha mjukuu. Hiyo si tamathali ya usemi. Ni kiungo cha kazi, kinachopimwa kwa mkono kama chumvi.

Kipimo hutegemea udongo, kwa hiyo jaribio ni bora kuliko hesabu. Sokota udongo uwe mnene kama kidole cha shahada, kisha uzungushie kidole chako. Ukipasuka upande wa nje, chenga zimezidi au maji hayatoshi. Ukinata mkononi na kulegea, chenga zimepungua. Jaribio la pili: tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10, acha kikauke, upime tena. Ukipoteza milimita 5 hadi 8 uko salama. Ukipita 10, tarajia nyufa.

Sanamu haichongwi kutoka bonge kama mpingo. Hujengwa kama chungu: misokoto ya udongo hupandanishwa duara juu ya duara na kushindiliwa kwa vidole ndani na nje, ukuta ukiwa na unene wa milimita 8 hadi 12, ndani kuna uwazi. Ukiharakisha, uzito wa juu unabonyeza kitako na mzee wako anakaa upande. Kila baada ya sentimita 10 hivi mfinyanzi huacha sehemu ya chini ishike, iwe ngumu kama mche wa sabuni, ndipo anaendelea. Kichwa hujengwa mwisho, na tundu dogo huachwa, mara nyingi kinywani au chini ya kitako.

Kuhusu tundu hilo kuna imani iliyoenea hata kwa walimu wa sanaa, kwamba hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayolipua sanamu motoni. Mkosaji mkubwa ni maji. Tone la maji likigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 huhitaji nafasi mara 1,600 hivi ya ile liliyokuwa nayo, na ukuta mnene ambao haujakauka katikati haumpi mvuke njia ya kutoka. Sanamu yenye uwazi ndani lakini iliyokauka kikamilifu hupona. Bonge lisilo na tundu lolote la hewa, likiwa bado bichi moyoni, hulipuka. Tundu lina faida yake, kwani husaidia ndani kukauka na hewa inayotanuka kutoka, lakini halimwokoi mwenye haraka.

Kisha watoto. Kila mtoto anayempanda Msimuliaji ni kiungo, na kila kiungo ni mahali pa kupasukia. Mtoto na babu lazima wawe na unyevu uleule wakati wa kuunganishwa, la sivyo mmoja atasinyaa kabla ya mwenzake na kuachia. Sehemu mbili huchanjwachanjwa, hupakwa uji mzito wa udongo uleule, hushindiliwa, kisha sanamu yote hufunikwa kitambaa ikauke polepole kwa wiki moja, mbili au zaidi. Miguu midogo na mikono hukauka upesi. Ndiyo inayohitaji kufunikwa zaidi.

Baada ya kukwanguliwa na kulainishwa, hupakwa uji mwembamba wa udongo wa rangi, tabaka juu ya tabaka. Cochiti hutumia mweupe, na huusugua kwa kitambaa. Santa Clara hutumia mwekundu na kuung'arisha kwa kokoto laini. Kokoto hilo mara nyingi ni urithi, limepita kwa bibi na mama hadi binti, na limechongeka kwa vidole vyao. Kung'arisha hakuna mapumziko: uji ukikauka kabla hujamaliza upande mmoja, unabaki na madoa na lazima ukwangue uanze upya. Simu ikilia, acha ilie.

Wino mweusi wa Cochiti hutoka kwenye mmea mwitu. Huchumwa ukiwa mchanga, huchemshwa kama mboga hadi majani yalainike, huchujwa, kisha maji yake huchemshwa tena hadi yawe mazito kama rojo na kukaushwa vipande. Akitaka kuchora, mfinyanzi hulowesha kipande. Mstari unaonekana wa kahawia hafifu. Weusi huja na moto. Na kwa kuwa wino huu ni wa mmea, moto mkali wenye hewa nyingi huuteketeza wote. Unafungua joko unamkuta babu hana macho wala nyusi.

Joko la Wapueblo liko uwanjani, ardhini. Ardhi hukaushwa kwanza kwa moto mdogo. Sanamu huwekwa juu ya wavu wa chuma, huzungushiwa vigae au mabati yasiyotumika ili kuni zisiguse udongo, kisha huwekwa kuni za mreteni na vipande vya mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Kuni ikigusa, inaacha wingu jeusi. Siku ya upepo haichomwi. Moto hupanda polepole mwanzoni, halafu kwa nguvu, kiasi cha nyuzi 600 hadi 800, na kazi inaweza kumalizika ndani ya saa chache. Kisha ni kusubiri. Anayefunua mapema ili aone, husikia mlio mdogo kama wa glasi, nao ni mlio wa ufa.

Ukitaka sanamu nyeusi ya San Ildefonso au Santa Clara, moto ukifika kileleni unamwaga samadi kavu iliyosagwa juu yake mpaka hewa ikatike. Udongo mwekundu una chuma, na wekundu wake ni ndugu wa kutu. Ukiunyima hewa katikati ya moshi, chuma hicho hubadilika rangi kuwa cheusi, na masizi huingia kwenye vinyweleo vya udongo. Maria Martinez na mumewe Julian wa San Ildefonso ndio waliolipa umaarufu pambo jeusi-juu-ya-jeusi, yaani michoro myeusi isiyong'aa juu ya weusi unaong'aa, walilolivumbua kufikia 1919 hivi, baada ya mwanaakiolojia kuwaomba wajaribu kufufua vyombo vilivyoonekana kwenye vigae vilivyochimbuliwa. Hapa kuna uzi unaofika kwetu: Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, katika safari zake za kujifunza ufinyanzi wa mkono alipitia Kenya na Nigeria, na pia San Ildefonso, kutazama weusi huo unavyopatikana. Mitungi yake yenye viuno na shingo za binadamu imesimama katika makumbusho makubwa ya dunia.

Si kila sanamu huchomwa. Mwaka 2007 Nora Naranjo-Morse wa Santa Clara alisimamisha maumbo matano makubwa nje ya Makumbusho ya Taifa ya Wahindi wa Amerika, Washington, yaliyojengwa kwa udongo, mchanga na majani makavu bila kupita motoni. Mvua iliachwa iyamomonyoe makusudi.

Yasemwayo na watu

"Ni ibada ya sanamu." Sanamu unayoiona sokoni si ya ibada. Vitu vya ibada vya Wapueblo havipigwi picha, haviuzwi na havielezwi kwa wageni. Ile siri iliyoanza karne ya 17 ingali inalindwa. Jina linaweza kukudanganya pia. Pueblo ya Tesuque ilijulikana kwa visanamu vya mtu aliyeshika chungu mapajani vilivyoitwa "miungu ya mvua". Jina hilo lilinogeshwa na wafanyabiashara kwa ajili ya wateja, na kampuni moja ya peremende ya Chicago ilivigawa kama zawadi kwa wanunuzi wake. Mungu gani huyo anayetolewa kama nyongeza ya pipi? Tukumbuke pia kwamba kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kwa Wapare na Wasambaa, visanamu vya udongo vilitumika jandoni na unyagoni kufundishia wari. Vilikuwa kama ubao wa mwalimu.

"Kipimo cha vinasaba kinatosha." Kipimo kinaweza kukuambia kwamba sehemu fulani ya damu yako inafanana na ya watu wa Amerika wa kale. Hakiwezi kukuambia wewe ni wa Cochiti. Uanachama wa pueblo huamuliwa na pueblo yenyewe kwa kanuni zake, na kanuni hizo zinaweza kuuma. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mama wa Santa Clara aliyeolewa na mtu wa kabila lingine. Watoto wake walilelewa pueblo na walizungumza Kitewa, lakini kwa kanuni ya wakati ule watoto wa mwanamke aliyeolewa nje hawakuandikishwa, ilhali wa mwanamume aliyeoa nje waliandikishwa. Mahakama ilisema uamuzi huo si wake kuuingilia. Kwa hiyo wako watu wenye lugha na udongo bila karatasi, na wako wenye karatasi bila lugha. Sanamu haimpi yeyote kati yao uanachama. Inampa mahali pa kukaa na kazi ya mikono mbele ya watu wake, wakati mengine yanaendelea kubishaniwa.

"Basi yeyote anaweza kujitangaza." Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inaharamisha kuuza kitu kwa madai kwamba kimetengenezwa na mwenyeji asilia wakati si kweli, mtu binafsi kwa kosa la kwanza anaweza kutozwa faini ya hadi dola 250,000, au kufungwa hadi miaka mitano, au vyote viwili. Kama unanunua, muulize muuzaji jina la mfinyanzi, pueblo yake, udongo ulitoka wapi na ulichomwaje. Sanamu iliyomiminwa kwenye kalibu kiwandani ina mshono mwembamba ubavuni na ndani yake ni laini mno. Iliyojengwa kwa mkono, ukipitisha kidole kwenye tundu la chini, mara nyingi utagusa alama za vidole vya mwenzio.

"Ukitumia joko la umeme, umeshaiacha asili." Wapueblo wenyewe wanabishana juu ya hili, na sioni haja ya mgeni kuwaamulia. Virgil Ortiz wa Cochiti anawarudisha wale monos wa karne ya 19 huku akiusimulia uasi wa 1680 kana kwamba unatokea pia mwaka 2180. Roxanne Swentzell wa Santa Clara, ambaye utotoni alikuwa na shida ya kusema na akawa anafinyanga visanamu ili aeleweke, hujenga miili mizima ya watu wa kawaida wenye huzuni na uchovu. Binti yake, Rose B. Simpson, alipata shahada ya uzamili ya ufinyanzi Rhode Island mwaka 2011, na alilipaka gari la Chevrolet El Camino la mwaka 1985 mapambo ya jeusi-juu-ya-jeusi, akaliita Maria. Ukipima asili kwa aina ya moto, hao utawaweka wapi?

Na mara nyingine njia ya kurudi hupitia mlango wa makumbusho. Mwaka 2019 vyungu 100 vya Kitewa vilivyokuwa mikononi mwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani, vilirudishwa kwa mkopo wa muda mrefu katika kituo cha utamaduni cha Poeh, pueblo ya Pojoaque, ambako ufinyanzi hufundishwa. Viliitwa kwa Kitewa jina lenye maana ya "wamerudi", kama watu. Mfinyanzi anaweza kukishika chungu cha karne ya 19, akahisi unene wa ukuta na kuona kidole gumba kilipita wapi. Picha ya kitabuni haina unene.

Wasiokuwa na vyungu

Wamaori walipofika New Zealand, takriban miaka 700 hadi 800 iliyopita, hawakuwa na ufinyanzi. Lakini mababu wa mababu zao, watu ambao wanaakiolojia huwaita Walapita, walisambaa visiwani mwa Pasifiki miaka 3,000 hivi iliyopita na vyungu vilivyopambwa kwa chapa za menomeno. Njiani, katika visiwa kama Samoa na Tonga, ufinyanzi ukafifia na kuachwa. Kwa hiyo mwaka 1987, wakati Baye Riddell, Manos Nathan na wenzao walipounda umoja wa wafinyanzi wa Kimaori, Ngā Kaihanga Uku, hapakuwa na bibi wa kumuuliza.

Walifanya mambo matatu. Walichukua michoro kutoka kwenye kazi ambazo hazikukatika, yaani uchongaji wa mbao na ususi. Walirudi kwenye masimulizi, ambamo mwanamke wa kwanza, Hineahuone, alifinyangwa kwa udongo wa Kurawaka. Na mwaka 1989 Riddell na Nathan walisafiri hadi Marekani kukutana na wafinyanzi wa wenyeji asilia wa huko, kujifunza kwa watu wengine namna ya kuishi na udongo. Hawakudai kwamba kazi yao ni ya kale bila mkatiko. Wanasema wazi kilichopokewa, kilichokopwa na kilichobuniwa, na kwa maoni yangu ukweli huo ndio unaoipa kazi yao uzito.

Nathan, aliyefariki mwaka 2015, alitengeneza pia vyombo vya udongo vya kuzikia kitovu cha mtoto. Kwa Kimaori neno "whenua" ni ardhi, na ni kondo la nyuma pia. Mswahili akitaka kutaja kwao husema ni pale kilipozikwa kitovu chake, kwa hiyo hahitaji kutafsiriwa: chombo kinafinyangwa kwa udongo, kinatiwa kitovu, na kinarudishwa ardhini, mahali ambapo siku moja mtoto ataonyeshwa kwa kidole.